Kabla hujasema toleo jipya ni zito

Nimepotea wiki kadhaa, na kuna watu wameshaanza kuulizana kama nimeolewa au nimedisko. Hakuna hata kimoja. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja ya bweni huko mkoani, hisabati na kompyuta, vumbi la chaki mpaka kwenye kope. Stori za maharage ya shule na za kidato cha pili C nitazileta siku nyingine. Leo nataka tuongelee kitu kingine kabisa: unapimaje kama toleo jipya la programu ya hifadhidata ni zito au jepesi kuliko lile la zamani?

Watu wa historia na wa Kiswahili najua mnataka kufunga ukurasa. Subirini kwanza. Hii ni habari ya mtihani, na mtihani ni mali yetu sisi wa ualimu kuliko hao jamaa wa sayansi ya kompyuta. Na humu ndani kuna mtu alikuwa anakaribia kunyimwa hela yake kwa sababu ya mtihani mbovu.

Iko hivi. Shule ina mfumo wa matokeo. Kile unachokiona kwenye skrini ni sura tu. Nyuma yake kuna hifadhidata, yaani programu inayotunza majedwali ya wanafunzi, alama na ada, ambayo kazi yake kutwa ni kuulizwa na kujibu. Shule ilikuwa inatumia MySQL toleo 5.7, lililotoka Oktoba 2015. Si toleo baya, limefanya kazi duniani kote. Ila Oktoba 2023 wenyewe waliacha kulitolea marekebisho. Maana yake tundu la usalama likigunduliwa baada ya hapo, hakuna anayekuja kuliziba. Na humo ndani kuna majina ya watoto, namba za simu za wazazi, na nani hajamaliza ada.

Likizo ilipofika, fundi mmoja kijana, wa mkataba, akahamisha data zote kwenda toleo 8.4, lililotoka Aprili 2024. Makubaliano yalikuwa alipwe nusu kabla, nusu baada ya ripoti za muhula kutoka salama.

Muhula ukaisha. Ripoti zikaanza kutoka kwa kujivuta. Ripoti ya darasa iliyokuwa ikija kabla hujamaliza kupiga chafya, sasa unaenda kuchukua chai, unarudi, bado kale kaduara kanazunguka. Mwalimu wa taaluma akawaka. Toleo jipya ni zito, fundi arudishe la zamani, na ile nusu ya pili asahau. Akaletwa na kijana mwingine "anayejua kompyuta" kupima. Yule kijana akaweka toleo 5.7 kwenye laptopu yake, akafungua ripoti moja mara kumi mfululizo huku anahesabu sekunde. Kisha akafanya hivyo hivyo kwenye mashine ya shule yenye 8.4. Laptopu ikashinda kwa mbali. Kikaoni ikasomwa kwamba kitu kimepimwa na kimethibitishwa.

Jioni ile fundi akanifuata maabara ya kompyuta. "Dada mwalimu, wewe si unasoma haya mambo chuoni? Niangalizie basi. Mimi sijaharibu kitu, na ile hela nimeshaikopea."

Sasa twende darasani kidogo. Kwenye lile somo la Upimaji na Tathmini, ambalo wengi tulilichukulia poa, kuna maneno mawili ambayo mhadhiri hachoki kuyasema: uhalali na uthabiti. Mtihani una uhalali kama unapima kile unachodai kupima. Una uthabiti kama ukirudiwa katika hali ileile unaleta majibu yanayokaribiana. Mtihani wa hisabati wenye maswali ya maneno marefu ya Kiingereza, unampima mtoto hisabati au Kiingereza? Ndiyo hilo.

Chukua hayo maneno mawili uyaweke juu ya lile jaribio la kikaoni.

Kwanza, watahiniwa hawakukaa chumba kimoja. Laptopu ya yule kijana ilikuwa na diski ya kisasa isiyozunguka. Mashine ya shule ina diski ya zamani ya kuzunguka, ambayo ili isome kitu lazima kichwa chake kisogee mpaka mahali kitu kilipo. Ukiweka toleo la zamani kwenye mashine mpya na toleo jipya kwenye mashine chakavu, ushindi ni wa nani? Wa toleo au wa diski? Huwezi kujua, kwa sababu umebadilisha vitu viwili kwa mpigo. Hapo uhalali umeshakufa.

Pili, na hii ndiyo iliyonichekesha: swali lilelile mara kumi. MySQL za zamani zilikuwa na kitu naomba nikiite akiba ya majibu. Ukiuliza swali, inalitunza swali lenyewe neno kwa neno pamoja na jibu lake. Ukiuliza tena vilevile, herufi kwa herufi, haiendi kufanya hesabu upya, inachomoa jibu lililokwisha andikwa. Ndugu zangu, huko si kufikiri, huko ni kudesa! Kwenye 5.7 akiba hii kwa kawaida huwa imezimwa, lakini mtu anaweza kuiwasha kwenye faili la mipangilio, na faili la shule lilikuwa limeiwasha tangu enzi. Yule kijana alikuwa ameanza kwa kunakili faili hilohilo. Toleo 8.0 lilipotoka Aprili 2018, akiba ya majibu iliondolewa kabisa, na 8.4 nalo halina. Ukiacha ile mistari kwenye faili, toleo jipya linagoma hata kuwaka mpaka uifute. Kwa hiyo mtahiniwa mmoja aliingia na karatasi ya majibu mfukoni, mwingine akaingia mikono mitupu, halafu tukatangaza nani ana akili.

Utasema, sasa si wangeiacha tu hiyo akiba kama inaleta kasi? Hapana bwana. Ina sharti moja kali: jedwali likibadilika hata mstari mmoja, majibu yote yaliyotunzwa kuhusu jedwali hilo yanatupwa. Fikiria wiki ya kujaza alama. Mwalimu wa fizikia anaingiza 47, majibu yote ya jedwali la alama chini. Mwalimu wa jiografia anaingiza 62, chini tena. Wakati unapoihitaji kasi kuliko siku zote, ndipo akiba inapokuwa kapu tupu. Zaidi ya hapo, kazi ya kuitunza na kuifuta nayo inakuwa foleni mpya kwenye mashine yenye shughuli nyingi.

Tatu, jaribio lilifanywa na mtu mmoja peke yake. Hii wana-chuo mnaielewa bila maelezo. Pima kasi ya ATM ya chuo saa kumi alfajiri ya katikati ya mwezi, ukiwa peke yako na mlinzi. Nzuri, eti? Haya, ipime siku boom limetoka. Mashine ni ileile na kadi ni zilezile, ila jibu ni tofauti kabisa. Hifadhidata ya shule haifanyi kazi na mtu mmoja. Inafanya kazi na walimu wote wanaokimbilia tarehe ya mwisho.

Msidhani haya ni matatizo ya shule za mkoani tu. Wakubwa waligombana sana juu ya mitihani hii huko Marekani, tena zamani. Mwaka 1983 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, akiwemo David DeWitt, walichapisha majaribio yaliyolinganisha hifadhidata mbalimbali na kuzitaja kwa majina. Oracle haikufanya vizuri na haikufurahi. Baadaye mikataba ya matumizi ya baadhi ya programu ikaanza kuwa na kipengele kinachomkataza mteja kuchapisha matokeo ya vipimo bila ruhusa, na mpaka leo kipengele hicho kinaitwa kwa jina la DeWitt. Yaani mtahiniwa kafeli, akaenda kununua haki ya kutobandikiwa matokeo ubaoni!

Mwaka 1985 Jim Gray, mmoja wa magwiji wa fani hii, alisambaza rasimu kwa wenzake wa makampuni mbalimbali, ikatoka kwenye jarida la Datamation bila majina yao, imesainiwa kama ya mtu asiyejulikana na wenzake. Ndani yake kulikuwa na mtihani mmoja wa maana sana, wa benki: mteja anaweka au anatoa pesa, inabidi kubadilisha akaunti yake, droo ya karani, jumla ya tawi, na kuandika kwenye kumbukumbu za historia. Sharti: asilimia 95 ya miamala ijibiwe ndani ya sekunde 1. Angalieni hapo. Hawakusema "wastani uwe sekunde 1". Walisema watu 95 kati ya 100 wasisubiri zaidi ya hiyo. Walikuwa wanamfikiria mtu aliyesimama kwenye foleni.

Makampuni yakaanza kutangaza ushindi kila moja kwa kanuni zake, mpaka mwaka 1988 likaundwa baraza la kusimamia vipimo hivi, TPC. Kanuni zao zinataka vipimo vikaguliwe na mkaguzi huru, na ripoti ieleze wazi mashine gani, mipangilio gani, na bei gani. Kwa lugha yetu: msimamizi, mwongozo wa usahihishaji na karatasi wazi. Ule mtihani wa benki bado una wajukuu. PostgreSQL inakuja na zana inaitwa pgbench, na jaribio lake la kawaida bado lina akaunti, makarani, matawi na historia.

Turudi shuleni sasa. Mkuu wa shule, mama mmoja mtaratibu sana, alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia, "Shikamoo mama, naomba jioni mbili tu na mashine ya shule. Kama toleo jipya ni zito kweli, tutakuwa tumejua kwa haki." Akakubali. Tukawa watatu: mimi, fundi, na mwalimu wa taaluma mwenyewe, ambaye nilimwomba awe msimamizi wa chumba cha mtihani. Hilo lilisaidia sana. Mtu aliyeshika saa mwenyewe hawezi kusema mmemdanganya.

Tulifanya hivi. Mashine moja, ileile ya shule. Matoleo yote mawili yakawekwa humo, kila moja na folda yake ya data, moja likiwaka lingine limezimwa. Data moja, nakala ya siku moja, na majina ya watoto tukayabadilisha kwanza kwa sababu jaribio halihitaji kujua nani ana deni. Ukubwa wa kumbukumbu inayotengewa data tuliufanya sawa pande zote, maana usipogusa kitu MySQL inajitengea MB 128 tu hata kama mashine ina zaidi. Mpangilio wa kupima tukaupishana, la zamani kwanza, kisha jipya, kisha jipya kwanza, kisha la zamani, ili asiwepo anayepanda jukwaani siku zote mashine ikiwa imechoka. Na kila duru tulibadilisha kitu kimoja tu.

Halafu suala la kurudia. Mara ya kwanza baada ya kuwasha, hifadhidata inasoma kutoka diski. Mara ya pili data nyingi ziko kwenye kumbukumbu tayari. Hivyo mara ya kwanza ni mnyama tofauti. Tuseme, kwa mfano tu, toleo A limeleta sekunde 9.8, 4.1, 4.0, 4.2 na 4.1, na toleo B limeleta 4.6, 4.5, 4.6, 4.7 na 4.6. Piga wastani: A ni 5.24, B ni 4.6. B ameshinda! Sasa panga kwa ukubwa uchukue ya katikati, ile wastani wa kati tunayowafundisha kidato: A ni 4.1, B ni 4.6. A ameshinda! Data ni zilezile, mshindi amegeuka, kwa sababu ya ile 9.8 moja ya kuamka usingizini. Nani ana haki? Inategemea swali lako. Kama mashine inawashwa kila asubuhi na mtu wa kwanza ndiye mkuu wa shule, basi ile 9.8 nayo inakuhusu. Ndiyo maana tuliandika zote, za baridi peke yake na za moto peke yake, hatukuzivuruga kwenye sufuria moja.

Duru ya kwanza tuliacha kila toleo na tabia zake. 8.4 likachelewa kwelikweli kwenye ripoti ya darasa. Mwalimu wa taaluma akanitazama kwa pembe ya jicho. Fundi akakaa chini.

Duru ya pili tukazima akiba ya majibu kwenye 5.7. Likapungua mbwembwe zake kwenye kurudiarudia, lakini bado lilikuwa mbele kwenye ile ripoti. Kwa hiyo kudesa peke yake hakukueleza yote. Kulikuwa na kitu kingine.

Hapo ndipo tukatumia amri ya EXPLAIN. Hii badala ya kukupa jibu inakuonyesha njia ambayo hifadhidata inapanga kupita kulitafuta. Ni kama kumwambia mwanafunzi "onyesha kazi", si jibu tu. Kwenye 5.7 njia ilikuwa safi: kwa kila mwanafunzi inafungua faharasa, inaenda moja kwa moja kwenye alama zake. Kwenye 8.4 ilikuwa inasoma jedwali lote la alama, kwa kila mwanafunzi. Tuseme wanafunzi ni 600 na jedwali lina mistari 40,000. Hiyo ni mistari 24,000,000 ya kusomwa kwa ripoti moja. Lazima uende kuchukua chai.

Kwa nini? Herufi, jamani. Zamani MySQL ikiunda jedwali bila kuambiwa chochote, ilitumia mpangilio wa herufi unaoitwa latin1. Kuanzia 8.0 inatumia utf8mb4, unaobeba karibu maandishi yote ya dunia, Kiarabu, Kichina, hadi vikatuni vya kucheka. Ni mabadiliko mazuri tu. Lakini jedwali la alama lilihamishwa na latin1 yake kutoka zamani, na jedwali la watahiniwa wa muhula huu mfumo uliliunda upya ndani ya toleo jipya, likapata utf8mb4. Mfumo unaunganisha majedwali hayo kwa namba ya usajili, ambayo ni maandishi. Ili ilinganishe, hifadhidata inabidi kwanza igeuze ile namba ya latin1 kuwa utf8mb4, kwa kila mstari, na faharasa iliyopangwa kwa zile za kale haifai tena. Ni sawa na kutafuta jina kwenye rejesta ya darasa iliyoandikwa kwa mwandiko ambao lazima uutafsiri kwanza. Alfabeti ipo, ila hukusaidii kuruka kurasa.

Tukayageuza majedwali ya zamani yote kuwa utf8mb4. Duru ya tatu: matoleo mawili yakaenda karibu bega kwa bega. Hakuna aliyepiga vigelegele, ila mwalimu wa taaluma alirudia mwenyewe kubofya mara mbili, kisha akasema, "Kumbe."

Jioni ya pili tukapima kuandika, kwa sababu nusu ya kazi ya mfumo ni kujaza alama. Tulitumia mysqlslap, zana inayokuja na MySQL yenyewe, inayoigiza watumiaji wengi kwa pamoja. Hapo 8.4 lilikuwa nyuma kidogo, na sababu yake ni ya kujivunia. Kuanzia 8.0 MySQL kwa kawaida huandika daftari la mabadiliko: kila badiliko linaloingia linanakiliwa pembeni. Kwenye 5.7 daftari hilo usipoliwasha halipo. Daftari hili ukiwa nalo pamoja na nakala ya data ya jana usiku, mashine ikifa leo saa nane mchana unaweza kurudisha kazi mpaka karibu na dakika iliyokufa. Sasa kusema 8.4 ni zito hapo, ni kama kulinganisha mwalimu anayefundisha na kujaza andalio la somo na yule anayefundisha tu, halafu umsifu wa pili kwa kumaliza mapema. Tulipolizima kwa muda ili kulinganisha kwa haki, pengo likapungua. Kisha tukaliwasha tena, kwa kura tatu za ndiyo.

Tabia hii ya toleo jipya kuja na mipangilio mipya si ya MySQL peke yake. PostgreSQL 11 ya mwaka 2018 ilileta uwezo wa kugeuza sehemu za swali kuwa lugha ya mashine papo hapo, lakini ikauacha umezimwa. PostgreSQL 12 ya mwaka 2019 ikauwasha. Kwa maswali makubwa ya hesabu nzito ni neema. Kwa swali ambalo mpango umelikisia kuwa zito kumbe ni jepesi, muda wa kujiandaa unaweza kuzidi muda wa kazi. Mtu akikwambia 12 lilimletea uzito, swali la kwanza la kumuuliza ni: umepima toleo, au umepima swichi iliyowashwa?

Sitaki mniambie nimewatetea watengenezaji. Mtumiaji anayesubiri ripoti anasubiri kweli, hajali kama kosa ni la toleo au la herufi. Mwalimu wa taaluma alikuwa na haki ya kulalamika. Na fundi mwenyewe alisema wazi kwamba maelezo yanayokuja na toleo hakuyasoma yote, na hiyo ya herufi imeandikwa humo. Lakini kati ya "kuna jedwali linatakiwa kugeuzwa" na "fundi ametuuzia kitu kibovu, turudi kwenye programu isiyozibwa matundu tangu 2023", kuna umbali mkubwa. Lile jaribio la kwanza lingefuatwa, shule ingepata kasi ya kudesa, watoto wangeachwa mlango wazi, na kijana angerudi nyumbani na deni.

Alilipwa ile nusu, na wakamwongezea kazi ya kuwafundisha walimu wawili namna ya kuchukua nakala ya data. Hivyo tu, hakuna sherehe.

Kwa hiyo wadau, hasa ninyi mnaokwenda BTP muhula ujao na mtakaopewa umeneja wa mfumo kwa sababu tu mnajua kuwasha projekta: mtu akikuletea namba kwamba hiki kina kasi kuliko kile, usianze na namba. Omba uone mtihani. Walikaa chumba kimoja? Walipewa karatasi moja? Kuna aliyeingia na majibu? Maswali yanafanana na kazi ya kila siku, siku ya boom ikiwemo? Walirudia mara ngapi, na ile ya kwanza waliipeleka wapi? Mkishajibiwa hayo, namba zenyewe hazitawasumbua sana kuzisoma.

Wa sayansi ya kompyuta mnaopita humu kimyakimya, karibuni kwenye maoni mniongezee. Na wewe uliyeazima daftari langu la Upimaji na Tathmini, nalihitaji kabla ya Ijumaa.

Nawasilisha.